Volta: Aliyechota gesi ziwani, akaacha jina lake kwenye kila chaja

BUJUMBURA. Mfanyabiashara anayeleta vifaa vya umeme kutoka Dar es Salaam kupitia Kobero, au anayevuka Gatumba kwenda Uvira na katoni ya chaja, amebeba jina la mtu mmoja, pengine bila kujua. Jina hilo liko chini ya kila jiko la umeme, kila pasi, kila redio na kila betri ya pikipiki. Limefupishwa hadi kubaki herufi moja, V. Hiyo V ni volti, na volti ni Alessandro Volta, Mtaliano aliyefariki mwaka 1827.

Wanaomjua humjua kwa betri. Ni kweli, ndiye aliyeiunda ya kwanza. Lakini miaka 23 kabla ya betri alikuwa ameshajipatia sifa kwa jambo jingine: aliitoa gesi ya methani kwenye matope ya ziwa, akaitia kwenye chupa na kuiwasha. Ni gesi hiyo hiyo iliyolala ndani ya Ziwa Kivu, ambayo leo inachomwa nchini Rwanda ili kuzalisha umeme. Kwa hiyo katika mabishano ya siku hizi kwenye nyumba za Bujumbura, kwamba tupikie nini kati ya makala, mtungi wa gesi na umeme, mtu huyu ana mkono wake pande zote mbili za jambo.

Kuna sababu nyingine ya watu wa mipakani kuyasoma maisha yake. Utawala ulibadilika juu ya kichwa chake mara nne, na kila mara ilimbidi aamue aseme nini kwa bwana mpya.

Alizaliwa Februari 18, 1745 mjini Como, kaskazini mwa nchi ambayo leo ni Italia. Wakati huo Italia haikuwa nchi moja. Lombardia, jimbo lenye miji ya Como na Milano, lilikuwa chini ya watawala wa Austria waliokaa Vienna. Mtu wa Como akitaka kwenda Turin, Venice au Bologna alivuka mpaka, akakaguliwa mzigo, akalipa ushuru, akabadilisha fedha. Msomaji wa gazeti hili hahitaji kuelezwa zaidi.

Ukoo wake ulikuwa wa heshima, lakini mfuko ulikuwa mtupu. Baba yake, Filippo, alikufa Alessandro akiwa na umri wa miaka saba hivi, akaacha madeni. Ndugu zake wengi waliingia upadri na utawa. Yeye mwenyewe alichelewa mno kusema. Hadi akikaribia miaka minne nyumbani walishaanza kukubali kwamba wamezaa bubu. Kisha maneno yakaja, na alipoingia shule akawapita wenzake.

Wajesuiti waliomfundisha walimtaka awe padri wao. Baba zake wadogo wakamtoa kwenye shule hiyo. Wao walimtaka awe mwanasheria, kazi yenye kipato. Yeye akataka umeme. Hakusoma chuo kikuu. Alisoma vitabu vya kuazima na kufanya majaribio katika nyumba ya rafiki yake tajiri, Giulio Cesare Gattoni, aliyekuwa na vyombo. Akiwa na miaka 18 alishaanza kuwaandikia barua wakubwa wa elimu hiyo, mmoja Paris na mwingine Turin, kuwaeleza mawazo yake. Hilo lilihitaji ujasiri, kwani kijana asiye na shahada alikuwa akibishana na watu ambao vitabu vyao vilisomwa Ulaya nzima.

Ieleweke kwamba umeme wa siku hizo haukuwa na kazi. Uliopatikana ulitokana na kusugua kioo, salfa au utomvu. Ulitoa cheche, ukasimamisha nywele, ukawachekesha wageni sebuleni, basi. Hakuna aliyeweza kuufanya utiririke kama maji kwenye bomba. Ulikuja kwa mpasuko mmoja, ukaisha.

Mwaka 1774 Volta alipewa usimamizi wa shule za serikali za Como, na mwaka uliofuata akatangaza kifaa chake cha kwanza kikubwa, sahani ya utomvu inayosuguliwa kwa manyoya mara moja, kisha juu yake inawekwa na kuinuliwa sahani ya chuma yenye mshikio. Kila inapoinuliwa huwa na umeme, tena na tena, bila ule wa chini kwisha upesi. Msweden mmoja, Johan Wilcke, alikuwa ameshatengeneza kitu cha namna hiyo miaka kadhaa nyuma. Volta ndiye aliyekifanya kitumike kirahisi na kukisambaza, na jina likabaki kwake. Sokoni hali ni hiyo hiyo, anayekumbukwa ni yule aliyefikisha mzigo.

Chupa ya Angera

Novemba 1776 alikuwa kwenye Ziwa Maggiore, karibu na mji wa Angera. Alikuwa amesikia kutoka kwa padri rafiki yake, Carlo Giuseppe Campi, kuhusu chemchemi moja yenye hewa inayoshika moto. Habari za namna hiyo zilishawahi kutoka Marekani pia, ambako Benjamin Franklin aliandika juu ya maji yanayowaka juu ya uso wake. Wengi walizichukulia kama vituko vya dunia. Volta alitaka kujua hewa hiyo inatoka wapi.

Alikaa kwenye mtumbwi karibu na mafunjo, mahali ambapo maji ni ya kina kifupi na majani yanaoza chini. Akachokonoa matope kwa fimbo. Mapovu yakapanda. Alikuwa na chupa iliyojaa maji, akaipindua mdomo chini ndani ya ziwa, na kila povu lililoingia likasukuma maji nje hadi chupa ikabaki na hewa tupu. Akaisogezea mshumaa. Ikawaka kwa ulimi mpole wa rangi ya samawati, ukishuka taratibu ndani ya chupa.

Jambo lingeishia hapo kama angekuwa mtu wa vituko. Yeye alienda kwenye mabwawa na mitaro mingine, akachokonoa, akachota, akalinganisha. Akapima kiasi cha hewa ya kawaida kinachohitajika ili gesi hiyo iungue yote. Akaona kwamba si ile hewa inayowaka ambayo wataalamu waliipata kwa kumwagia metali tindikali, yaani haidrojeni, bali ni nyingine, na inatokana na uozo wa mimea na wanyama. Mwaka 1777 alichapisha barua zake kwa Campi kuhusu jambo hilo. Jina la methani lilikuja baadaye sana, lakini gesi yenyewe ilishajulikana.

Kisha akaichezea. Alitengeneza chombo kidogo kilichofungwa kwa kizibo, akakijaza gesi na hewa, akapitisha cheche ya umeme ndani yake. Kizibo kikaruka kwa kishindo kama risasi. Watu walikiita bastola ya Volta. Ni mchezo, lakini ndani yake mna plagi ya injini ya petroli, na mna ule mlio wa tik-tik wa jiko la gesi linapowashwa bila kiberiti. Akaenda mbali zaidi. Alipendekeza waya upitishwe juu ya nguzo za mbao kutoka Como hadi Milano, umbali wa kilomita 40 hivi, ili cheche inayopelekwa kutoka mji mmoja ifyatue bastola katika mji mwingine. Ilikuwa njia ya kupeleka habari kwa waya, miaka 60 kabla ya telegrafu ya umeme kuanza kazi. Hakuna aliyeujenga mstari huo.

Hapa msomaji wa Maziwa Makuu anayo haki ya kusimama kidogo. Ndani ya Ziwa Kivu zimeyeyuka takriban kilomita za ujazo 60 za methani, pamoja na hewa ya kaboni dioksidi iliyo mara tano ya hiyo. Chanzo cha methani ni kile kile cha Angera, uozo na vijidudu, ukiongezewa nguvu za volkano zilizo chini. Watu wa Goma wanaijua ile kaboni vizuri kwa jina la mazuku, hewa inayokaa mabondeni na kuua mbuzi, na watu pia, bila harufu wala moshi. Mwaka 1986 hewa ya namna hiyo ililipuka kutoka Ziwa Nyos, Kameruni, ikaua zaidi ya watu 1,700 usiku mmoja. Kutoa gesi Kivu, kwa hiyo, si biashara tu.

Njia ya kuitoa angeielewa Volta mara moja. Bomba linashushwa mita 350 hivi. Maji ya chini yanapopanda, mgandamizo unapungua, na gesi inatoka kwa mapovu kama ya chupa ya Fanta iliyofunguliwa. Tangu miaka ya 1960 kiwanda cha bia cha Gisenyi kilichemshia maji kwa gesi ya ziwa hilo. Mwishoni mwa 2015 mtambo wa KivuWatt ulianza kazi karibu na Kibuye, ukiwa na uwezo wa megawati 26. Na hili ndilo la kuzingatiwa: gesi hiyo haikupelekwa majikoni. Haikuwekewa mabomba ya kwenda nyumba kwa nyumba. Inachomwa hapo hapo kando ya ziwa, na kinachosafiri ni umeme.

Chura wa Bologna

Volta alipata nafasi ya ualimu katika Chuo Kikuu cha Pavia mwaka 1778 na kukaa huko karibu miaka 40. Wanafunzi walijaa hadi ukumbi mpya ukajengwa. Alisafiri Uswisi, Ufaransa, Uingereza, Ujerumani, akakutana na Franklin, Lavoisier na Laplace. Anatajwa pia kuwa mmoja wa waliosaidia kueneza kilimo cha viazi kwao, baada ya kuviona safarini. Ofisa wa forodha wa leo angemuuliza cheti cha afya ya mimea.

Mambo ya nyumbani hayakumwendea vizuri haraka. Alitaka kumwoa mwimbaji wa opera, Marianna Paris. Ndugu zake, mapadri na watu wa heshima, wakakataa katakata. Alikubali. Mwaka 1794, akiwa na miaka 49, alimwoa Teresa Peregrini wa Como, wakapata watoto watatu wa kiume.

Wakati huo alikuwa katikati ya ugomvi uliomfanya awe Volta. Katika mji wa Bologna, uliokuwa chini ya Papa na hivyo nchi nyingine kabisa, daktari Luigi Galvani alikuwa ameona kwamba mguu wa chura aliyekufa unaruka ukiguswa kwa metali mbili zilizounganishwa. Mwaka 1791 alichapisha maelezo yake. Alisema ndani ya mnyama mna umeme wake wenyewe. Ulaya ikawehuka; inasimuliwa kuwa vyura waliadimika.

Volta alirudia majaribio hayo mwaka 1792, na mwanzoni alikubali. Kisha akagundua kitu kidogo. Mguu uliruka vizuri pale metali zilipokuwa za aina mbili tofauti. Za aina moja hazikufanya kitu, au zilifanya kidogo sana. Akaweka karatasi ya bati upande mmoja wa ulimi wake na sarafu ya fedha upande mwingine, akazigusanisha. Akahisi uchachu. Kila mtoto aliyewahi kulamba betri ya tochi anajua ladha hiyo. Volta akasema basi, chura si chanzo. Chura ni kipimo tu. Umeme unatokana na metali mbili kukutana penye unyevu.

Walibishana kwa maandishi miaka kadhaa, wakiheshimiana. Leo tunajua kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Mishipa ya fahamu kweli inapitisha umeme. Ndiyo maana hospitali zinapima moyo kwa waya. Lakini katika jaribio lile la metali mbili Volta alikuwa sahihi, naye ndiye aliyefika mbali.

Vita vikaingilia. Mwaka 1796 Napoleon Bonaparte alivuka na jeshi la Ufaransa kuingia Lombardia, na Pavia ikaporwa. Volta alikuwa miongoni mwa wajumbe waliotumwa na mji wa Como kumpokea jenerali huyo. Wafaransa wakaunda jamhuri mpya, wakataka walimu wote waiapie. Galvani, mtu wa dini, akakataa kiapo mwaka 1798. Akafutwa kazi, akapoteza mshahara, akafa Desemba 4 mwaka huo akiwa maskini. Volta alibaki na mabwana wapya. Walipoondoka Wafaransa mwaka 1799 na Waaustria wakarudi, chuo chake kikafungwa, naye akakaa Como akisubiri.

Si rahisi kumhukumu mtu kwa namna alivyojiokoa zama za namna hiyo, na katika ukanda wetu wako wengi wanaolijua hilo kwa ndani. Lakini hatia ndogo inabaki unaposoma habari za Galvani. Walau wauza mabati wanamkumbuka kila siku: bati lililopakwa zinki linaitwa kwa jina lake katika Kifaransa na Kiingereza.

Mnara wa sarafu

Katika miezi hiyo ya kukaa bila kazi, mwishoni mwa 1799, Volta alipanga kisahani cha fedha, juu yake kisahani cha zinki, juu yake kipande cha karatasi nene kilicholoweshwa maji ya chumvi. Kisha fedha tena, zinki tena, karatasi tena, hadi ukawa mnara. Jozi moja ilitoa umeme hafifu. Jozi 20, 40, 60 zilijumlisha nguvu zao. Akigusa juu kwa mkono mmoja na chini kwa mwingine alipigwa, na akigusa tena alipigwa tena. Haukuhitaji kusuguliwa. Kwa mara ya kwanza duniani umeme ulitiririka mfululizo.

Machi 20, 1800 aliandika barua kwa Kifaransa kwenda London, kwa Joseph Banks, rais wa chama cha wanasayansi cha Royal Society. Uingereza na Ufaransa walikuwa vitani, na barua ilipaswa kupita katikati yao. Ikafika kwa mafungu: kurasa za kwanza, kisha zilizobaki baadaye sana. Banks akazionyesha zile za kwanza kwa marafiki. Wawili kati yao, William Nicholson na Anthony Carlisle, wakajenga mnara wao, wakatumbukiza nyaya majini, na maji yakagawanyika kuwa haidrojeni na oksijeni. Walifanya hivyo Mei. Barua ya Volta ilisomwa rasmi mbele ya chama Juni 26. Mzigo ulikuwa bado haujaondolewa forodhani, na watu wameshaanza kuuza.

Hakulalamika kwa sauti. Hakufungua kiwanda, hakudai haki ya kuuza peke yake. Novemba 1801 aliuonyesha mnara huo Paris, Napoleon mwenyewe akiwa amekaa kati ya wasikilizaji. Alipewa medali ya dhahabu, pensheni, baadaye useneta mwaka 1809 na cheo cha kaunti mwaka 1810. Alipoomba kustaafu, Napoleon hakumwachia; alimtaka afundishe hata kidogo tu kwa mwaka, alimradi jina lake libaki Pavia.

Napoleon alianguka mwaka 1814. Mwaka huo huo Volta alimpoteza mtoto wake Flaminio, kijana wa miaka 18. Waaustria walirudi kwa mara nyingine, na wao pia hawakumgusa mzee: walimpa ukuu wa kitivo katika Chuo Kikuu cha Padua. Mwaka 1819 alirudi kwenye nyumba ya shamba huko Camnago, nje ya Como, na kukaa kimya. Baada ya betri hakuvumbua tena jambo kubwa. Vijana wa Uingereza, Ufaransa na Denmark ndio walioendelea. Alifariki Machi 5, 1827 akiwa na miaka 82, siku moja na Laplace kule Paris.

Volti 220, na pungufu

Mwaka 1881 wahandisi wa nchi nyingi walikutana Paris kwa sababu ambayo mfanyabiashara yeyote ataielewa: kila nchi ilikuwa na vipimo vyake vya umeme. Waya uliopimwa Berlin haukulingana na wa London. Walikubaliana vipimo vya pamoja, na kile cha msukumo wa umeme wakakiita volti. Ndiyo maana jiko lililotengenezwa China linafanya kazi Bujumbura, Bukavu na Kigoma bila kuulizwa uraia wake.

Italia ya leo inapasha nyumba joto kwa gesi ile ile aliyoichota Volta, inayokuja kwa mabomba. Tangu Urusi ilipopunguza gesi mwaka 2022 bei zilipanda na watu wakaanza kutafuta njia nyingine. Uholanzi ilishaamua kuufunga mgodi wake mkubwa wa Groningen kwa sababu ya matetemeko ya ardhi, na kuufunga kweli. Nyumba za huko zinahamia kwenye pampu za joto, ambazo ni kama friji iliyogeuzwa: badala ya kutoa joto ndani ya sanduku, zinalivuta kutoka nje na kuliingiza nyumbani, na kwa uniti moja ya umeme hupatikana joto la uniti tatu hivi.

Bujumbura hatupashi nyumba joto; jua la Imbo linatosha. Joto tunalolinunua ni la chungu. Zaidi ya asilimia 90 ya nishati ya kaya za Burundi bado ni kuni na makala. Mtungi wa gesi uliingia kwenye nyumba zenye uwezo, lakini gesi hiyo si methani ya Kivu. Ni gesi ya mafuta, inayotoka ng'ambo kwa meli na kufika kwa lori kupitia bandari, ikihitaji dola. Dola zikikosekana, mtungi unakosekana. Wakati huo ndipo watu huulizia jiko la umeme.

Hesabu yake si ngumu. Mtungi wa kilo 12 una joto la takriban uniti 150. Jiko la gesi hupoteza karibu nusu hewani. Jiko la umeme la koili hupoteza theluthi moja hivi. Kwa hiyo mtungi huo ni sawa na uniti 110 hivi za Cash Power. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa REGIDESO, kisha linganisha na bei ya mtungi siku unapopatikana. Maharage ya saa tatu kwenye jiko la wati 1,000 lililowashwa kikamilifu hula uniti tatu. Sufuria ya umeme ya mvuke inapunguza hapo sana.

Tatizo liko kwenye ile V. Joto la jiko la koili hupungua kwa kasi kuliko volti inavyopungua. Jiko lililotengenezwa kwa volti 220 likipata 180, kama inavyotokea jioni mtaani pale kila nyumba inapowasha, halitoi joto pungufu kidogo tu. Linatoa thuluthi mbili. Maharage ya saa tatu yanakuwa zaidi ya saa nne, na mteja anarudi dukani kusema jiko ni bovu.

Umeme huo kwa sehemu unatoka Mto Ruzizi, unaotoka Ziwa Kivu na kuingia Tanganyika kando ya mji wetu. Ruzizi ya kwanza ilijengwa na Wabelgiji mwishoni mwa miaka ya 1950, mji ulipokuwa bado Usumbura. Ina megawati 30 hivi. Ya pili, ya megawati 44, ilianza mwaka 1989 na ni mali ya pamoja ya Burundi, Rwanda na Kongo kupitia shirika la SINELAC. Ya tatu, ya megawati 206, imezungumzwa kwa miaka mingi kati ya nchi hizo hizo tatu. Huko mashariki, maporomoko ya Rusumo yamefungwa mitambo ya megawati 80 kwa ajili ya Burundi, Rwanda na Tanzania.

Anayetaka kuleta majiko ya umeme kwa wingi msimu huu afanye jambo moja kabla ya kulipa. Achukue kipima umeme cha fundi, akiweke kwenye soketi ya nyumba ya mteja Buyenzi, Kinama au Kanyosha, si saa nne asubuhi bali saa moja na nusu jioni, na asome namba.